Malalamiko kuhusu risiva ya flashi yenye hitilafu na dhamana mliyoikataa

Majengo,
Moshi.

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: RISIVA YA FLASHI INAYORUKA NA KUKATALIWA KWA DHAMANA

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mwezi Agosti nilinunua dukani kwenu seti ya triga, vifaa vya kuwasha flashi bila waya: triga moja ya kukaa juu ya kamera na kutuma amri, na risiva mbili za kuipokea, za kuchomekwa chini ya flashi zinazosimama kwenye stendi. Risiva moja haijawahi kunisumbua. Ya pili, niliyoibandika plasta nyekundu nisije nikaichanganya na mwenzake, inawasha flashi inapotaka: mara inawaka, mara inaruka, yaani haiwaki. Nimewaeleza kwa simu na kwa WhatsApp. Kwanza nikaambiwa ni betri, baadaye ni spidi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga, mwisho ni wingi wa watu ukumbini. Kisha dhamana ya miezi 12, ambayo haijafika hata nusu, ikakataliwa kwa maelezo kwamba tatizo ni matumizi yangu. Sikubaliani na majibu hayo.

Fundi wenu alisema betri za kuchaji hazifai kwa kuwa zina volti 1.2 wakati za kutupa zina 1.5. Flashi inapojijaza hunyonya umeme mwingi kwa mkupuo, na hapo betri nzuri ya kuchaji hustahimili kuliko ya kutupa, ambayo volti zake huporomoka. Betri ikichoka, flashi huchelewa kujaa na taa yake ya utayari hukawia kuwaka. Yangu inajaa, taa inawaka, nikibonyeza kitufe chake cha majaribio inatoa mwanga papo hapo. Nikipiga kupitia risiva ya plasta, kimya.

Kuhusu shata: kamera yangu inakubali flashi hadi 1/200 ya sekunde, na ukumbini napiga kwa 1/125. Hata ningezidisha, flashi ingewaka vilevile. Ambacho kingeonekana ni mkanda mweusi kwenye picha, kwa sababu pazia la shata lingekuwa limefunika sehemu ya sensa, kile kioo cha ndani kinachopokea picha, wakati mwanga unatoka. Picha nilizowatumia hazina mkanda wowote. Upande wa stendi ile haukupata mwanga kabisa. Nadhani hakuna aliyezifungua.

Hoja ya umati ina mantiki, nami niliipa uzito. Triga hizi zinatumia gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya Wi-Fi nyingi, na miili ya watu, kwa kuwa imejaa maji, hufifisha mawimbi hayo. Kwa hiyo nilibadilisha chaneli kwenye triga na kwenye risiva zote mbili. Halafu nikaenda shambani kwa jamaa yangu, njia ya kiwanda cha sukari cha TPC, pasipo ruta wala kundi la watu, nikasimamisha flashi hatua chache mbele yangu. Ikaruka.

Sasa naomba fundi wenu asome hapa taratibu. Kila risiva ina taa ndogo inayobadilika rangi pale inapopokea amri kutoka kwenye triga. Kwenye risiva ya plasta, taa hiyo inabadilika kila ninapobonyeza shata, hata pale flashi inapokataa kuwaka. Maana yake amri imefika. Haikuzuiwa na umati, haikuvurugwa na Wi-Fi, wala betri za triga hazikushindwa kuituma. Inapotelea kati ya ile taa na mguu wa flashi. Nikahamisha flashi: ile iliyokuwa inakataa ikafanya kazi vizuri juu ya risiva nzima, na ile nzuri ikaanza kuruka juu ya risiva ya plasta. Nimefuta sehemu za kugusana kwa spiriti, hakuna kilichobadilika. Lakini nikiikandamiza flashi kwa kidole, kuelekea chini na mbele, inawaka kila mara. Nikiachia, inaanza tena kuruka. Ukizitazama risiva zote mbili kwa pamoja, kibati cha katikati, kile kinachoguswa na pini ya flashi, kimezama kwenye hii kuliko kwenye mwenzake. Hiyo ni kasoro ya utengenezaji. Video inayoonyesha yote haya, taa ikibadilika na flashi ikiwa kimya, nimeiambatisha.

Mnajua kazi zetu huku. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ikiingia ukumbini, MC akaita familia, muziki ukapandishwa, huwezi kuomba mbuzi arudishwe mlangoni ili upige upya. Kwenye sherehe moja ya Marangu nilipoteza upande mzima wa wazazi wa bi harusi kwa wakati huo. Nilipandisha ISO, kamera ihisi mwanga zaidi, kuokoa nilichoweza, picha zikatoka na chenga. Yule mama alinilipa bila neno, akaniuliza tu kama hakuna nyingine anayoonekana vizuri. Haikuwepo.

Kinachoniuma zaidi ni vijana wanaoanza kazi hii hapa mjini na Arusha, ambao nao wananunua kwenu. Kijana akiambiwa ni betri, atanunua betri. Akiambiwa tena, atanunua nyingine, na atajiona hajui kazi. Jibu la betri lisitolewe kwa mteja kabla hajaulizwa swali moja: taa ya risiva inabadilika au haibadiliki?

Naomba mnibadilishie risiva hiyo kwa nyingine ya toleo lilelile, ijaribiwe ikiwa na flashi juu yake kabla ya kufungwa, na gharama ya kusafirisha kwa basi, kuja na kwenda, iwe juu yenu. Kama hamna ya kubadilisha, nirudishieni fedha ya seti nzima, kwa kuwa haiuzwi vipande. Nahitaji jibu la maandishi kabla Novemba haijaisha. Desemba watu wanapanda nyumbani na harusi zinafuatana, siwezi kuingia msimu huo kwa stendi moja. Nisipojibiwa nitapeleka shauri Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na risiti, kadi ya dhamana na mazungumzo yetu ya WhatsApp.

Risiva nimeshaifunga kwenye boksi lake. Nitumieni jina la mpokeaji na namba yake ya simu, niipeleke stendi ya basi.

Wenu,

Mpiga picha za harusi, Moshi
(namba ya risiti ipo kwenye kiambatisho)