Mheshimiwa Mwakilishi, tufungulie grupu

Mheshimiwa Mwakilishi wa jimbo letu,

Assalaamu alaykum. Nakuandikia hadharani kwa sababu kule kwenye grupu la WhatsApp la jimbo siwezi tena. Tangu Novemba kila nikitaka kuandika naukuta ule mstari wa chini: wasimamizi pekee ndio wanaoweza kutuma ujumbe.

Grupu hilo mlilianzisha wenyewe Septemba 2025, kampeni zilipopamba moto. Mie niliingizwa na kijana wako aliyepita mlango kwa mlango akichukua namba, hata za tusiokuwa wa chama chenu. Wapo waliotoka siku ile ile. Mie nilibaki, na niliyoyaona humo sijapata kuyaona katika siasa za Pemba tangu nizaliwe.

Siasa zetu unazijua, zimekaa barazani. Mjini Unguja kuna ubao wa khabari za siasa wa Kisonge pale Michenzani, na Jaws Corner, Mji Mkongwe, watu wanasoma ubao kikombe cha kahawa mkononi. Huku kwetu ni vibarazani na chini ya miembe. Kote huko mwanamke hana pa kukaa; khabari huzipata usiku, zimeshachujwa na mume au kaka. (Mume wangu akisoma hapa atasema namsingizia. Simsingizii.)

Jirani yangu, ninayelima naye mwani, kusoma kwake ni kwa taabu, lakini kurekodi sauti anajua. Siku moja alituma sauti ya dakika nne, yumo majini, upepo unavuma: mfereji, bomba la maji la mtaa wetu, umekauka wiki ya tatu, watoto wanachelewa skuli kwa kuteka maji kisimani. Mwanamume mmoja akauliza, "Nani huyu?" Mwengine akamjibu, "Mke wa fulani. Miaka yote hii sijapata kumsikia sauti." Usiku ule ule ulijibu wewe mwenyewe, Mheshimiwa, na kesho yake fundi akaja. Basi kina mama wakafunguka: bei ya mwani, mkunga wa usiku, barabara ya kwenda pwani. Na walikuwa wakikuuliza wewe, si waume zao.

Najua umeambiwa grupu lilijaa uongo. Kweli lilikuwa nao. Ilirushwa picha ya boti inazama, wenye jamaa safarini wakaanza kulia. Lakini uongo ule haukuzimwa na admini wako. Ulizimwa na kijana mmoja mpakizi wa bandarini, aliyepiga picha boti ikishusha abiria wazima, akairusha humo humo hata nusu saa haijapita. Sasa mumemfunga mdomo na yeye. Uongo wenyewe umeshahamia kwenye magrupu ambayo wewe humo, wala yeye hayumo.

Kufungiwa si kugeni kwetu. Mwaka 2015 tulipiga picha fomu za matokeo zilizobandikwa vituoni tukarushiana, hadi uchaguzi wa Zanzibar ukafutwa Oktoba 28 na kurudiwa Machi 20, 2016. Wapo wanaozihifadhi picha zile mpaka leo. Mwaka 2020 mitandao ilibanwa siku moja kabla ya kura, wajukuu wakawafundisha bibi zao VPN, programu ya kupita kizuizi. Na Oktoba 29, 2025 intaneti ikazimika nchi nzima, tukakaa siku kadhaa tunawapigia jamaa wa Dar es Salaam kwa simu ya kawaida kuuliza kama wazima. Hayo yalikuwa makubwa kuliko wewe, sikulaumu. Grupu ni lako, na kulifungua ni kubonyeza mara moja.

Jana nimerudi nyuma nikayapitia yote mliyotuma tangu Novemba. Picha unakata utepe. Picha unakabidhi mipira. Salamu za Ijumaa. Picha tena. Kama ni picha, Mheshimiwa, mabango ya kampeni bado yapo ukutani.

Sikutajii kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar, cha uhuru wa kutoa maoni, unakijua kuliko mie. Wala sikuombi ulifungue usiku na mchana. Lifungue kila Ijumaa baada ya Isha mpaka saa nne. Mwanamke mmoja naye awe admini, asiwe jamaa yako. Na likiamuliwa jambo humo, sheha, kiongozi wa mtaa, alitangaze msikitini na dukani, maana mama yangu ana kitochi, na kura yake ni moja kama yangu.

Jirani yangu bado anarekodi. Wiki iliyopita kasema juu ya bei ya mwani na mnunuzi anayepima kwa mizani yake mwenyewe. Kwa kuwa hana pa kuituma, kanitumia mie. Ninayo kwenye simu, dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Ijumaa nitakaa nayo tayari baada ya Isha.

Mpigakura wako,
Mkulima wa mwani, Kaskazini Pemba