Diski kupotea umeme ukirudi

Wakuu, habari za jioni. Maktaba ya Jellyfin (programu ya kutazama filamu zenu wenyewe) kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo) ikionekana tupu baada ya umeme kukatika, msifute kitu. Kwa wenye diski mbili, mara nyingi iliyokuwa na jina sda1 kwenye mfumo imeamka ikiwa sdb1, hivyo haipatikani pale ilipozoeleka. Andikeni sudo blkid, nakilini UUID (kitambulisho cha diski kisichobadilika kama hilo jina), kisha kwenye /etc/fstab (faili ya orodha ya diski za kuunganishwa Pi ikiwaka) wekeni hivi, UUID yenu ikikaa mahali pa xxxx:

UUID=xxxx /mnt/filamu ext4 defaults,nofail 0 2

Hiyo nofail msiiache, la sivyo Pi inaweza kugoma kuwaka diski ikikosekana. Jaribuni kwa sudo mount -a.

Diski ikilia tik-tik, kwanza shukuni umeme: milango yote ya USB ya Pi 4 kwa pamoja hutoa ampea 1.2 tu. Tumieni habu (kigawanyio cha USB) yenye adapta yake ya umeme. Na msipakue chochote kabla diski haijashika kwenye /mnt/filamu, faili zitajaza kadi ya SD yenye mfumo wa Pi kimyakimya.