Barua ya wazi kwa Kamishna wa LPGA, ziara (msururu wa mashindano) ya gofu ya kulipwa ya wanawake: Binti asipimwe kwa yadi peke yake

Ndugu Kamishna,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu wa gofu, nafundisha wasichana, na nakuandikia kwa sababu ya swali la maneno matatu aliloulizwa mmoja wao mbele yangu.

Ilikuwa siku ya mchujo wa timu. Binti huyo alikuwa amemaliza mashimo 18 kwa mikwaju 71, pungufu ya paa (idadi ya mikwaju inayotarajiwa) kwa mkwaju mmoja, na siku ile hakuna aliyemfikia. Mchaguzi akamjia na daftari mkononi, akamuuliza: "Unapiga yadi ngapi?" Akajibu, mia mbili na kumi na tano, yaani umbali wa mkwaju wake wa kwanza. Mchaguzi akaandika, akafunga daftari, akaenda kwa mwenzake. Hakuuliza amefika kwenye grini ngapi, zile nyasi fupi zenye shimo, kwa mikwaju inayotakiwa. Hakuuliza mara ngapi ameangukia kwenye banka, shimo la mchanga, na bado akaiokoa paa yake. Binti akanigeukia kuniangalia, nami nikakosa la kumwambia.

Kabla ya siku ile, uso wa weji yake, fimbo ya mikwaju mifupi, ulikuwa na alama ya duara katikati, kubwa kama sarafu, mahali ambapo chuma kimelika kwa kupiga mipira mchangani jioni baada ya jioni. Ukiiona weji ya namna hiyo unajua mwenyewe anaupenda mchezo wa karibu na shimo. Sasa weji imelala mfukoni na vumbi lake. Kila akifika uwanjani anachomoa draiva, fimbo ya kupigia mbali, anapiga ndoo nzima ya mipira kwa nguvu zake zote mpaka mgongo unamuuma, halafu ananiuliza kama umbali umeongezeka.

Huenda ukajiuliza kwa nini nakuletea wewe shauri hili badala ya kumpelekea yule mchaguzi. Ni kwamba yeye hakulitunga swali lile. Amelipata kwenu. Mashindano yenu ndiyo kioo ambacho wasichana wa dunia nzima, walimu wao na wachaguzi wao wanajitazamia. Mkipanga viwanja vya kumlipa mwenye nguvu tu, na watangazaji wakawa wepesi wa kutaja yadi kuliko kitu kingine, basi mpaka mtoto wa miaka kumi na miwili atajua kinachotakiwa ni nini.

Sitaki nionekane naudharau umbali, maana hesabu zipo na nimezisoma. Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyebuni njia ya kupima kila mkwaju kwa kulinganisha na idadi ya mikwaju ambayo wachezaji wengine wangehitaji kutoka mahali pale pale, aligundua kwamba kwa wanaume bora wa PGA Tour sehemu kubwa ya tofauti inatoka mbali na shimo. Aliigawa hivi: mikwaju ya kulenga grini asilimia 40, draiva asilimia 28, mchezo wa karibu asilimia 17, kuputi (kusukuma mpira shimoni kwenye grini) asilimia 15. Ule usemi wa zamani wa wachezaji kwamba draiva ni maonyesho na fedha ziko kwenye putti, Broadie ameutikisa kweli kweli. Nakubali. Lakini tazama tena hizo namba, Kamishna. Fungu kubwa kuliko yote si la draiva. Ni la mkwaju wa kulenga grini, na huo ni kazi ya shabaha.

Na hapa ndipo upangaji wa uwanja unapoingia. Chukua shimo la paa 4 lenye yadi 410. Mchezaji wa kwanza anapiga draiva yadi 275, anabakiwa na 135, anashika fimbo ya chuma fupi. Wa pili anapiga yadi 240 katikati ya feawei, ile njia ya nyasi zilizokatwa, anabakiwa na 170, analazimika kutumia haibridi, fimbo ya umbali zaidi. Mpira wa chuma fupi unapanda juu sana, unashuka wima, unauma nyasi na kusimama. Wa haibridi unakuja chini chini na mzunguko kidogo, ukitua kwenye grini ngumu unateleza mpaka nyuma. Sasa weka banka mbele ya grini: wa kwanza anairuka bila wasiwasi, wa pili hana njia. Akiifupisha anaingia mchangani, akiirefusha anapitiliza. Halafu sogeza tii, mahali pa kuanzia shimo, nyuma yadi 20. Tofauti yao inabaki zile zile yadi 35, lakini wa kwanza bado ana chuma mkononi, na wa pili ameshafika kwenye wudi, fimbo ndefu zaidi. Kumwagilia feawei maji mengi usiku wa kuamkia mashindano kunammaliza kabisa huyu wa pili, kwa sababu mpira wake uliotegemea kubiringika unakwama palepale ulipotua.

Kwa hiyo mtu akisema mwenye shabaha ameshindwa kwa kukosa nguvu, mimi nauliza kwanza uwanja ulikuwaje. Mara nyingi ameshindwa na aliyesogeza tii na aliyefungua bomba la maji.

Mkumbuke Mo Martin. Mwaka 2014, Royal Birkdale, Women's British Open. Mwanamke mfupi wa kimo, mmoja wa wachezaji wasiofika mbali kwa draiva kwenye ziara yenu, lakini katika kupata feawei alikuwa miongoni mwa wakali kuliko wote. Anafika shimo la 18, paa 5, upepo wa pwani ukivuma, ardhi ngumu. Mkwaju wa pili anapiga kwa wudi namba 3. Mpira unatua mbali kabla ya grini, unaanza kukimbia ardhini, unapanda, unavuka, unaendelea kubiringika hadi unagonga mlingoti wa bendera na kusimama futi chache pembeni. Anauingiza. Mikwaju miwili pungufu ya paa kwenye shimo la mwisho. Akaingia ndani kusubiri wengine zaidi ya saa nzima, na hakuna aliyemfikia. Akawa bingwa kwa mkwaju mmoja.

Nimewaonyesha wanafunzi wangu mkwaju ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kila mara nawaambia wasimtazame Martin peke yake, watazame na ardhi. Mbele ya grini palikuwa wazi. Nyasi zilikuwa kavu. Uwanja ulimwachia njia mtu asiyeweza kupita angani. Mkwaju ule ungepigwa kwenye uwanja uliolowa, wenye banka imekaa mlangoni kama askari, tusingekuwa na la kusimulia.

Wapo watakaonijibu kwa Patty Tavatanakit, na ni haki yao. Aprili 2021 huko Mission Hills, akiwa mgeni kwenye ziara, alipiga draiva kwa wastani wa zaidi ya yadi 320 wiki nzima na kutwaa ANA Inspiration, moja ya mashindano makubwa, akiwa pungufu ya paa kwa mikwaju 18. Ulikuwa uchezaji wa kupendeza, sina neno. Ila siku ya mwisho, wakati Lydia Ko anamfukuza kwa raundi ya mikwaju 62, unakumbuka Patty alitulizaje moyo mapema? Kwenye shimo la pili aliuchipu mpira, yaani aliuinua kwa mkwaju mfupi, kutoka nje ya grini ukaingia moja kwa moja. Alishinda kwa mikwaju miwili tu. Hadithi iliyosambaa ni ya yadi 320. Ile chipu wanaikumbuka wachache.

Na Ko mwenyewe hajawahi kuwa mtu wa kutisha kwa draiva. Alikuwa namba moja wa dunia akiwa na miaka 17. Agosti 2024 alichukua dhahabu ya Olimpiki, baada ya fedha ya Rio na shaba ya Tokyo, na wiki mbili hivi baadaye akashinda AIG Women's Open pale St Andrews, uwanja ambao ardhi yake inaongea na mpira tangu unapotua. Inbee Park, mwenye mataji saba makubwa, matatu ya mfululizo mwaka 2013, naye hakuwapita watu kwa umbali. Aliwamaliza kwenye grini.

Hata wenye nguvu zao wanajua. Ariya Jutanugarn ana uwezo wa kuupeleka mpira mbali kuliko karibu kila mtu, lakini mwaka 2016 alikuwa akiiacha draiva nje ya mfuko na kuanzia mashimo kwa chuma namba 2 na wudi namba 3. Mwaka ule alishinda mara tano, likiwemo taji la Women's British Open pale Woburn. Miaka mitatu nyuma, nyumbani kwao Thailand, alikuwa amefika shimo la 18 akiongoza kwa mikwaju miwili, akapoteza mitatu pale pale, na ushindi ukaenda kwa Park. Mtu aliyepitia hayo akiamua kuiacha draiva, nadhani tumsikilize.

Kuna na ile siku ya Mei 2024 ambayo ilimuuma kila anayempenda Nelly Korda. Mapema mwaka ule alikuwa ameshinda mashindano matano mfululizo, rekodi waliyoifikia kabla yake Nancy Lopez na Annika Sörenstam tu. US Women's Open, Lancaster, shimo la 12, paa 3 ya yadi 161. Hapo draiva haina kazi. Mpira wa kwanza ukaishia kwenye banka ya nyuma, wa kutoka mchangani ukapita grini ukatumbukia kijitoni, na akaongeza miwili mingine majini kabla ya kumaliza. Mikwaju 10. Bora wa dunia, na kilichomwangusha ni hatua chache kuzunguka grini. Simtaji kwa kumsema vibaya. Namtaja kwa sababu mchezo ule wa karibu, wenye hofu na uamuzi wa sekunde chache, ndio watazamaji waliouongelea wiki nzima. Ni utajiri mlio nao, na mnauweka nyuma ya pazia.

Sasa niseme ninachoomba. Najua mashindano makubwa matano si yote yaliyo mikononi mwako; USGA, R&A na PGA of America, vyama vingine vya gofu, wana yao. Lakini wiki nyingi za msimu viwanja vinapangwa na watu wako.

Naomba wawe wanauliza, kabla ya kusogeza tii nyuma, kama mbele ya grini ya shimo hilo kuna njia ya ardhini. Kama haipo, tii ikae ilipo. Feawei zipunguziwe maji, mpira ukimbie. Rafu, nyasi ndefu za pembeni, iwe ya kuadhibu kweli, maana siku hizi mwenye nguvu akikosa feawei anaingia kwenye nyasi za kifundo cha mguu, anachukua weji na kutoka kama hakuna kilichotokea. Ile asilimia ya feawei inageuka pambo. Na wapeni wenye nguvu uwanja wao pia: paa 4 fupi moja au mbili ambazo wanaweza kujaribu kufika kwa draiva, pembeni kukiwa na maji au mchanga wa kuwagharimu wakikosea. Sitaki waonewe. Nataka wote wawili wafike Jumapili wakiwa na nafasi.

Kuna wanaotumaini kwamba kipimo kipya cha mpira, cha kuupunguzia umbali, kitaleta usawa. R&A na USGA walipokitangaza Desemba 2023 walikadiria mchezaji wa kawaida wa LPGA atapoteza yadi 5 hadi 7, na wanaume wa kulipwa 9 hadi 11. Yadi 5 hazitamrudishia binti wangu weji yake. Uwanja ndio unaoweza.

Ombi la pili ni la namba. Tangu 2021 mnakusanya takwimu za kila mkwaju kwa mpango wa kampuni ya KPMG. Zitoeni nje, ziandikwe chini ya jina la mchezaji kwenye skrini palepale panapoandikwa yadi. Takwimu ya kawaida ya feawei inamhesabu aliyekosa kwa inchi sawa na aliyepotelea msituni, haimwambii mtazamaji chochote. Minjee Lee alipobadili fimbo ya kuputia, akachukua ndefu, kisha akashinda Women's PGA mwaka 2025, mtazamaji alistahili kuona kwa macho yake ni mikwaju mingapi ile fimbo imemwokolea. Msichana akiona namba hiyo imeandikwa kwa ukubwa sawa na yadi, atajua kuna milango miwili ya kuingilia.

Na la mwisho ni dogo. Kwenye mashindano yenu yajayo, wekeni kamera moja pembeni ya grini ya mazoezi, jioni, watu wakishaondoka. Iacheni imfuate mchezaji mmoja anayepiga chipu kutoka sehemu ile ile mara arobaini, bila mtangazaji, isikike sauti ya weji kwenye nyasi tu. Mkishairusha, mniarifu. Nitamwita binti yule tukae tuitazame pamoja, na weji yake nitakuwa nimeifuta vumbi.

Wasalaam,

Mwalimu wa gofu ya wasichana