Udongo wa Koreshi hausemi hayo

Mhariri,

Kila inapokaribia Desemba 10, Siku ya Haki za Binadamu, huzunguka kwenye simu zetu aya moja inayodaiwa kuwa maneno ya Koreshi, mfalme wa Uajemi: kwamba mwaka 539 KK alifuta utumwa, akatangaza uhuru wa dini kwa kila mtu, na kuwa hiyo ndiyo hati ya kwanza ya haki za binadamu duniani. Hapa Arusha, penye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, aya kama hiyo haichelewi kuingia kwenye hotuba na midahalo ya shule. Ni aya ya kughushi. Chombo kinachotajwa kuwa ushahidi wake kipo, kimesomwa alama kwa alama, na kinasema mambo mengine.

Ni udongo wa mfinyanzi wenye umbo la pipa, urefu wake sentimita 22 hivi, mdogo kuliko chupa ya soda. Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul, aliupata katika magofu ya Babeli mwaka 1879 alipokuwa akilichimbia Jumba la Makumbusho la Uingereza, na ndiko uliko hadi leo. Umezungushiwa mistari 45 ya Kiakadi, lugha ya kale ya Babeli, kwa mwandiko wa kabari. Wafalme wa Babeli walikuwa na desturi ya kufukia vyombo vya aina hii katika misingi ya mahekalu na kuta, ili visomwe na miungu na wafalme wa baadaye. Koreshi alifuata desturi aliyoikuta.

Mistari 19 ya kwanza ni sifa na lawama. Nabonidus, mfalme wa Babeli na baba yake Belshaza tunayemjua katika Danieli, amemchukiza Marduk, mungu mkuu wa Babeli. Marduk anatafuta mfalme mwema, anamshika Koreshi mkono na kumwingiza mjini bila vita. Kuanzia mstari wa 20 Koreshi anasema mwenyewe: “Mimi ni Koreshi, mfalme wa ulimwengu,” kisha anataja ukoo wake wa wafalme wa Anshan. Anasema amewatua watu wa Babeli nira isiyowastahili. Naam, hapo ndipo wengi wanaponasa. Nira hiyo ni kazi za shokoa walizobebeshwa wenyeji wa mji na Nabonidus. Mtumwa wa nyumbani hakutajwa.

Na utumwa uliendelea. Mabamba ya udongo ya ukoo wa Egibi, wafanyabiashara wakubwa wa Babeli, yanaonyesha watumwa wakiuzwa, wakiwekwa rehani na kurithiwa chini ya Koreshi na waliomfuata. Mwaka 508 KK, Dario akiwa mfalme, ndugu wa ukoo huo waligawana mali ya baba yao, na humo mlikuwa na watumwa zaidi ya 100.

Mistari ya 30 hadi 34 ndiyo yenye uzito. Koreshi anarudisha sanamu za miungu, pamoja na watu wao, katika miji ya ng'ambo ya mto Hidekeli: Ashuru, Susa, Akadi, Eshnunna, Der na mingineyo hadi mpaka wa Gutiumu. Yerusalemu haimo. Habari ya Wayahudi kurudi tunaipata katika kitabu cha Ezra, na anayeitaka amnukuu Ezra, asimtwike Koreshi maneno ambayo udongo hauna.

Kipande chenye mistari ya mwisho kilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 tu, kikiwa katika mkusanyiko wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Kwa hiyo tafsiri za kabla ya hapo zinakatika kwenye mstari wa 35 au 36, na msomaji wake hukosa sehemu tamu kuliko zote: mfalme anaongeza sadaka za kila siku, bata bukini, bata wawili na njiwa kumi, anaimarisha ukuta wa Babeli uitwao Imgur-Enlil, na katika ujenzi huo anaona maandishi ya Ashurbanipal, mfalme aliyemtangulia kwa miaka mia moja hivi. Huyo ndiye Koreshi halisi, mtawala mpya anayehesabu njiwa ili makuhani wa mji aliouteka wamkubali. Vita vyenyewe vilipiganwa Opis, kando ya Hidekeli, na chombo hiki hakivitaji.

Sifa ya “hati ya haki” ilivuma hasa mwaka 1971, Shah wa Iran alipoadhimisha miaka 2,500 ya ufalme na nakala ya chombo ikapelekwa Umoja wa Mataifa, New York. Koreshi naye tumpe haki yake: mwaka 2010 ilitangazwa kuwa vipande viwili vya bamba vyenye maneno haya haya vimeonekana katika makumbusho yale yale ya Uingereza. Maana yake maandishi yalinakiliwa na kusambazwa, hayakuishia kufukiwa. Lakini kilichosambazwa ni tangazo la mfalme wa Babeli, si sheria ya haki za watu.

Aya ya kughushi haina shida kuitambua. Inamtaja Ahura Mazda, mungu wa Waajemi, wakati udongo unamtaja Marduk. Inamwita Koreshi mfalme wa Iran, jina lisilomo. Tena inasomeka bila pengo hata moja, ilhali mistari kadhaa ya chombo imemeguka, na mfasiri mwaminifu huacha nafasi au huweka mabano. Mtu akichomeka kifungu chake ndani ya Azimio la Arusha, hapa mjini atakamatwa siku hiyo hiyo kwa sababu maandishi yake tunayo. Ya Koreshi nayo tunayo.

Tunaomba gazeti lako, likichapa tena nukuu yake, liweke namba ya mstari pembeni.

Walimu wa historia,
Arusha