Malalamiko: sampuli ya Tausi na saisi wangu mliyemfukuza bandani

Kwa Meneja Mkuu,
Idara ya Kuchukua Sampuli za Farasi.

Bwana Meneja,

KUH: MATOKEO YA KAFEINI KATIKA MKOJO WA TAUSI

Nakusalimu kwa heshima. Barua yenu fupi imenifikia. Inasema mkojo wa farasi wangu Tausi umekutwa na kafeini, kichangamshi kilichokatazwa mbioni, hivyo ushindi wake umefutwa na saisi wangu amezuiwa kuingia uwanjani, na kwamba taratibu zote zilifuatwa. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Taratibu zenu mnazijua kuliko mimi, sina haja ya kuwasomea. Nitawaeleza tu kilichotendeka katika banda lenu jioni ile Tausi aliposhinda.

Saisi wangu, mzee anayemtunza Tausi, alimwingiza bandani baada ya kumtembeza mpaka jasho likakauka, akaanza kumpigia mluzi wa polepole ili akojoe, kama masaisi wote wafanyavyo. Afisa wenu alikuwa na kikombe cha chai mkononi, na glavu hakuvaa. Farasi alipokojoa, akaukinga mkojo, kisha akamgeukia mzee: "Haya, toka nje. Kazi yako ya mavi imeisha." Mzee akamjibu kwa adabu kwamba yeye ndiye shahidi wa upande wetu na anapaswa kuona chupa zikifungwa. Akasukumwa hadi nje, mlango ukafungwa. Ulipofunguliwa, chupa A, ya kupimwa kwanza, na chupa B, ya akiba kwa kipimo cha marudio, zilikuwa zimekwisha kupigwa lakiri, na fomu iko mezani inamngoja atie sahihi kwamba ameshuhudia.

Hizo ndizo taratibu zilizofuatwa?

Msinielewe vibaya. Mimi si wa kupinga vipimo. Mkufunzi Mahmood Al Zarooni alipofungiwa miaka 8 mwaka 2013 kwa kuwapa farasi steroidi, dawa za kujenga misuli, kule Newmarket, Uingereza, nilisema amestahili. Anayemchoma farasi sindano ili ashinde anamuumiza mnyama asiyeweza kujisemea, na anatuibia sisi tunaoamka alfajiri kufanya kazi kwa haki. Ndiyo maana naudhika. Kipimo kikichukuliwa ovyo, mdanganyifu hupata pa kujifichia na asiye na hatia hukosa pa kukimbilia.

Chai ina kafeini, Bwana Meneja. Hilo halihitaji maabara. Kinachohitaji maabara ni hiki: farasi akilishwa kafeini, mwili wake huivunjavunja, na mkojoni hutoka pamoja na mabaki yake, kama theofilini na theobromini. Chai iliyodondokea chupani haijapita mwilini mwa farasi yeyote. Kwa hiyo nataka kuona ni mabaki gani yaliyopatikana na kwa viwango gani. Nilipopiga simu ofisini kwenu kuuliza hilo, kijana aliyepokea aliniambia ripoti kamili si ya watu wa zizini. Si ya watu wa zizini! Aliyenyang'anywa ushindi ni nani? Aliyezuiwa kuingia uwanjani, huku familia yake ikitegemea mshahara wake, ni nani kama si mtu wa zizini?

Kwingineko mambo haya huchunguzwa. Farasi wa Malkia Elizabeth II, Estimate, alikutwa na mofini, dawa ya kutuliza maumivu, mwaka 2014 baada ya kushika nafasi ya pili katika mbio za Gold Cup za Ascot, Uingereza. Nafasi ile alinyang'anywa, ndiyo, lakini chanzo kilitafutwa mpaka ikajulikana ni chakula kilichochafuka. Farasi Medina Spirit wa Marekani alipokutwa na betamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, mwaka 2021, sampuli ya pili ilikwenda maabara nyingine, na mkojo wake ukapimwa tena ili ijulikane kama dawa ilitoka kwenye sindano au kwenye marhamu ya ngozi. Sisi tumepewa karatasi moja na kufungiwa mlango.

Narudia habari ya mlango, kwa sababu barua yenu imeipita kana kwamba haikutokea. Mzee aliyelea farasi tangu ujana wake, anayejua kwa kupapasa mguu tu kwamba kano imeanza kupata joto, aliambiwa "kazi yako ya mavi imeisha" mbele ya masaisi vijana aliowafundisha kazi yeye mwenyewe. Akasukumwa begani. Kofia yake ikaangukia kwenye majani yaliyolowa mkojo, akainama kuiokota, na hakuna aliyemwambia pole. Kitu cha mwisho alichokiona ni kile kikombe cha chai, kimewekwa juu ya rafu, kando ya chupa iliyokuwa bado wazi. Alipositasita kutia sahihi, afisa wenu alimwambia ataandika kwamba tumekataa farasi asipimwe. Mnajua, naye alijua, kwamba kukataa kipimo hakuna tofauti na kukutwa na dawa. Akatia sahihi. Sasa sahihi hiyo hiyo ndiyo mnayoniwekea mbele kama ushahidi.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba mambo mawili: ripoti kamili ya maabara, na chupa B ipelekwe maabara nyingine kwa gharama zenu, mtu wangu akiwapo inapofunguliwa. Hayo bado nayataka. Lakini kadiri ninavyoandika naona hayatoshi. Saisi wangu arudishwe kazini mara moja na alipwe mshahara wa muda wote mliomweka nje. Afisa yule aje zizini kwangu amwombe mzee radhi, mbele ya vijana wale wale. Na kila sampuli aliyoishika siku ile ifutwe, kwa sababu sina imani hata na moja, na wakufunzi wenzangu wakisikia habari ya kikombe watauliza kuhusu farasi wao.

Nisipopata jibu la maandishi kabla ya mbio zijazo, wakili wangu ataomba mahakama iizuie chupa B isiguswe na mtu wa kwenu, na nitamwita shahidini kila saisi aliyekuwa nje ya mlango ule. Hakuna farasi wangu atakayechukuliwa sampuli na afisa yule tena. Mkitaka kuandika kwamba nimekataa, andikeni, tutaulizana mbele ya hakimu.

Wako,
Mmiliki na mkufunzi wa Tausi

Nakala: Wakili wangu