Malalamiko ya kutozwa siku 19 za intaneti isiyowaka

Soweto, Moshi
3 Machi 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Moshi.

YAH: KUTOZWA SIKU 19 BILA HUDUMA, NA KUANDIKIWA KUWA KOSA NI LA KOMPYUTA YANGU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa faiba ya nyumbani tangu tarehe 6 Februari mwaka huu. Kazi yangu naifanyia sebuleni: nawapangia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika tasnifu zao, yaani kurasa, majedwali, orodha ya yaliyomo na yale yote ambayo msimamizi huyarudisha na kalamu nyekundu. Nililipia kifurushi cha mwezi mzima, Sh. 55,000, nikabakiwa na siku 11 tu za kukitumia. Kwenye kumbukumbu zenu imeandikwa kwamba siku nyingine zote zilipotea kwa sababu ya kompyuta yangu. Si kweli. Naomba mnivumilie nieleze kwa urefu, maana kila niliyemweleza kwa simu alinikatisha nilipofika kwenye neno Linux, yaani mfumo unaoendesha kompyuta yangu badala ya Windows.

Fundi wenu alifika Alhamisi ile saa nne asubuhi. Kazi ya waya aliifanya vizuri, hakunitobolea ukuta ovyo, na vumbi lake alilifagia mwenyewe. Alifunga kiboksi cheupe, taa ikawa ya kijani. Ila ruta zimeisha stoo, akasema, kwa hiyo kwa sasa kebo itoke kwenye kiboksi iende moja kwa moja kwenye kompyuta, ruta zikifika ataniletea. Akachomeka kebo kwenye laptopu yake, akafungua programu fulani ya Windows, akaandika jina na nenosiri kutoka kwenye simu yake, ukurasa ukafunguka. Akapiga picha ya kioo, ushahidi wa kazi kukamilika. Kisha akahamishia kebo kwenye kompyuta yangu, akatafuta pa kubofya, akaniuliza, "Hii Windows gani, mzee?"

Nikamwambia ni Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. "Ah, hizo hatuna programu yake. Hizo za Wazungu, huku kwetu hazipo." Akaniachia flashi yenye ile programu ya Windows, akaenda zake.

Hazipo? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa OpenOffice ya Kiswahili (programu za kuandikia na za majedwali), Jambo OpenOffice, mwaka 2004, na watu walikuwa wakiitumia kwenye Linux wakati fundi wenu pengine yuko chekechea. Mimi mwenyewe nilihamia huko mwaka 2017, wala si kwa ujuaji. Siku zile wanafunzi walikuwa wakileta kazi kwa flashi, na kila flashi ilikuja na virusi vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato mahali pake. Nilipoteza tasnifu ya mtu siku tatu kabla ya kuikabidhi. Alilia hapa kwangu, mtu mzima. Tangu hapo Windows sina hamu nayo.

Turudi kwenye faiba. Ile programu ya kwenye flashi haina siri yoyote. Njia mnayotumia kuunganisha wateja inaitwa PPPoE, imechapishwa wazi kwa kila mtu tangu mwaka 1999, na Linux inaijua ndani ya kiini chake tangu toleo la 2.4 la mwaka 2001. Nilichohitaji ni jina la mtumiaji na nenosiri tu. Ilinichukua siku nne kuvipata, kwa kuwa niliambiwa ni siri ya kampuni. Jina la akaunti ninayoilipia mimi!

Nilipovipata nikaviandika mahali pake, nikaunganisha, kimya. Kompyuta ikaniandikia kwamba imesubiri PADO mpaka muda umekwisha. Kwa asiyejua: kompyuta ikitaka kuingia kwenu kwa PPPoE, kwanza hutuma ujumbe mfupi uitwao PADI, nao mtambo wenu hujibu kwa PADO. Ni hodi na karibu. Jina na nenosiri huulizwa baadaye kabisa, mgeni akishaitikiwa. Mimi nilipiga hodi usiku na mchana, taa za nyumba zinawaka, hakuna aliyeitika. Jambo hilo peke yake lilitosha kumwambia mtaalamu yeyote kwamba tatizo si nenosiri, na kwamba mtambo wenu ama haunisikii ama umeamua kutonijibu. Niliwasomea ujumbe huo watu watatu tofauti wa huduma kwa wateja. Wote watatu walinijibu, "Weka Windows kwanza ndipo tukusaidie."

Tarehe 17 mlimrudisha fundi, nikatozwa Sh. 20,000 za kuitwa. Akachomeka laptopu yake, intaneti ikawaka. Akachomeka yangu, haikuwaka. Akaandika na kuondoka. Jioni nikapata ujumbe: tiketi imefungwa, kifaa cha mteja hakifai.

Nisiwe mwongo, hata mimi nilianza kuishuku kompyuta yangu. Ushahidi wote ulikuwa upande wa fundi. Kilichonishangaza ni kwamba kompyuta hiyohiyo nikiiunganisha kwa waya wa USB na simu ya mke wangu, intaneti inapatikana papo hapo. Nilimaliza bando za simu kwa kupakia tasnifu, huku waya wenu umening'inia ukutani kama pambo.

Jumamosi tarehe 22 nikaazima laptopu ya jirani. Ina Windows halali kabisa. Nikatumia flashi yenu, programu yenu, jina na nenosiri mlilonipa. Haikuwaka! Ndugu Meneja, usiku huo nililala usingizi mzuri, kwa sababu sasa nilijua kwamba mimi na Linux yangu hatuna kosa. Kwenye mji mzima wa Moshi, laptopu moja tu ndiyo iliyokuwa ikiingia kwenye akaunti yangu, na ilikuwa ya fundi wenu.

Jumatatu tarehe 24 saa mbili usiku nikapiga tena, nikapokewa na dada ambaye namba yake ya kazi mtaipata kwenye kumbukumbu zenu za simu. Huyu hakuniuliza natumia Windows gani. Alisema, "Subiri baba, ngoja nikuangalizie." Kisha akanisomea herufi na tarakimu 12 za anwani ya MAC iliyosajiliwa kwenye akaunti yangu, ile namba ambayo kila kadi ya mtandao hutoka nayo kiwandani. Nikailinganisha na yangu. Haifanani hata kidogo. Wala si ya jirani. Kumbe mfumo wenu humshika wa kwanza kuingia, ukamfunga na akaunti, na wengine wote hauwaitikii. Wa kwanza kuingia kwangu alikuwa fundi, siku ile alipokuwa anapiga picha ya ushahidi. Kodi nalipa mimi, ufunguo anao yeye.

Dada aliifuta ile anwani, akaniambia nijaribu. Hazikupita sekunde tano. Simu yote ilichukua dakika nane.

Mjue pia kwamba Linux inamruhusu mtu kubadilisha anwani ya MAC kwa mstari mmoja wa amri. Kama fundi angenitajia namba ya laptopu yake, ningeibandika kwenye kadi yangu na kuingia siku ileile. Kwa hiyo hata kama ufungaji huo ni wa usalama, haumzuii mwizi. Unamzuia mteja.

Kuna dogo lililobaki. Kwa kuwa ruta hamjaleta, kompyuta yangu ndiyo inayoigawia simu ya mke wangu intaneti. Kurasa nyingine zilikuwa zinafunguka kwenye simu, nyingine zinazunguka tu bila kufika. PPPoE hula baiti 8 katika kila mzigo wa data, kwa hiyo mzigo wa kawaida wa baiti 1500 haupiti mahali penye nafasi ya 1492. Mtambo unaokutana na mzigo mkubwa unapaswa kumrudishia taarifa aliyeutuma ili aupunguze. Kwa nilivyopima, wenu unautupa kimyakimya. Nimeiagiza kompyuta iwaambie watumaji wasizidishe 1452 kwa data yenyewe, na simu sasa iko sawa. Hilo sidai fidia. Lakini mafundi wenu wa mtambo waliangalie, maana mama wa mtaa wa pili hatajua afanye nini zaidi ya kuilaumu simu yake.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie Sh. 34,833, ambazo ni siku 19 za kifurushi, pamoja na Sh. 20,000 za fundi aliyekuja kuthibitisha kosa lake mwenyewe na kuniandikia mimi. Mfute maneno "kifaa cha mteja hakifai" kwenye akaunti yangu. Mafundi wanaojaribu laini kwa laptopu zao wafute anwani zao kabla hawajatoka mlangoni kwa mteja, na wamwachie karatasi yenye jina na nenosiri lake. Ruta nayo nataka tarehe ya kuletwa, na siku hiyo anwani ya kompyuta yangu ifutwe mapema, kwa sababu ruta itakuja na anwani yake na sitaki kuanza kupiga hodi upya.

Yule dada wa tarehe 24 apewe shukrani zangu kwa maandishi.

Utaratibu wa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, unamtaka mlalamikaji aanze kwa mtoa huduma wake, ndiyo maana barua hii imekuja kwenu kwanza. Nasubiri jibu la maandishi. Nimeambatanisha risiti zote mbili, picha ya ujumbe wa kufungwa tiketi, na kumbukumbu za kompyuta za kuanzia tarehe 10 hadi 24. Kumbukumbu hizo ni kurasa sita, na karibu kila mstari ni PADI isiyojibiwa.

Wenu,

Mteja, Soweto, Moshi
(namba ya akaunti iko nyuma ya bahasha)