Kwa mabinti mnaosafiri peke yenu: mwambieni mtu mlipo

Wanangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye.

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kikao cha ukoo kwa ajili ya binti mmoja wa kwetu aliyerudi kutoka Istanbul hana simu wala pasipoti, amesafiri kwa hati ya dharura. Huko alikutana na kijana waliyejuana kwenye programu ya kutafuta wachumba. Walikunywa chai mtaa wa Kadıköy, wakapanda kivuko, wakazunguka vizuri tu. Siku ya pili alikwenda msalani akamwachia mkoba. Aliporudi mezani hakukuta mtu wala mkoba.

Wezi wapo hata Kariakoo, kwa hilo sina neno. Lililonipandisha hasira ni kwamba mama yake alikuwa akijua mtoto yuko Arusha kwenye semina ya kazi. Mhudumu wa mgahawa alimwonea huruma akamwazima simu, naye akabaki nayo mkononi, maana akipiga nyumbani lazima kwanza aeleze Arusha imehamia lini Uturuki! Akairudisha bila kupiga. Ubalozi wetu uko Ankara, kilometa zaidi ya 400 kutoka pale. Nyumbani tungemtumia nauli, tungemtafutia Mtanzania anayeishi kule, tungetuma nakala ya cheti chake cha kuzaliwa. Saa za Istanbul ni zilezile za kwetu, hata kisingizio cha kuogopa kuamsha watu hana. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu mwanangu aliumbuliwa akiwa na njaa.

Ila nikisema alidanganya tu nitakuwa sijamaliza. Mlikuwa hamjakisikia kile kikao. Swali la kwanza la wajomba: alifuata nini huko? La pili: alikuwa na nani? Hakuna aliyeuliza alikula nini siku zile. Kaka yake alikwenda Dubai peke yake mwaka jana, akarudi na picha za wasichana asiowajua hata majina, tukasema kijana amefunguka macho. Mtoto wa kike akisafiri bila mume, bila shangazi, bila kwaya, tunamtafutia bwana aliyemlipia tiketi. Kisha tunashangaa kwa nini hasemi ukweli.

Sasa nisikilizeni. Mimi siwakatazi hizo programu. Najua hazitumiki kwa uchumba peke yake. Bumble waliongeza upande wa kutafuta marafiki tu tangu 2016, na hata huko Tinder wapo wengi wanaotafuta mtu wa kula naye chakula cha jioni au wa kuwapeleka kwenye soko ambalo watalii hawalijui. Kula peke yako kila usiku kwenye meza ya watu wawili kunachosha roho. Na mmoja wenu amealikwa harusini Lisbon na mwanamke waliyejuana hivyohivyo. Mungu awabariki.

Lakini fikirini mwizi anawaona vipi. Anamwona mtu asiyejua mitaa, na zaidi ya yote mtu mwenye tarehe ya kuondoka. Ndege yako ni Ijumaa. Kesi hutaifuata, na yeye anajua. Wala msidhani ni balaa la wanawake. Mwishoni mwa 2023, kwa miezi 2 tu, raia 8 wa Marekani walikufa katika mazingira ya kutatanisha huko Medellín, Kolombia. Januari 2024 ubalozi wao ukatoa onyo kwamba baadhi ya vifo hivyo vilihusu watu waliokutana kwenye programu kama hizi, wengine wakiwekewa dawa kwenye vinywaji.

Kwa hiyo mwambie mtu mmoja. Si lazima awe mama. Mtumie skrinshoti ya sura na jina la unayekwenda kuonana naye, mahali, na saa utakayokuwa umerudi. WhatsApp inakuruhusu kumwonyesha mtu ulipo moja kwa moja kwa muda wa hadi saa 8, na saa 8 zinatosha kwa chai na chakula cha jioni. Kubalianeni neno ambalo ukiliandika anapiga simu papo hapo. Na mchague vizuri. Shoga anayekujibu kwa vikatuni vya kucheka kisha akalala fofofo hakufai, na anayekwenda kuyamwaga kwenye kundi la saluni ndiyo kabisa. Mtafute mwenye kichwa kilichotulia, ambaye usipotokea saa nne usiku atakasirika kwanza halafu atakutafuta.

Mengine mnayajua, nayataja tu. Mkutane mchana, penye watu. Nenda kwa usafiri wako, rudi kwa usafiri wako. Hoteli usiitaje. Akikuchagulia baa yeye, uliza bei kabla ya kuagiza. Kinywaji ulichokiacha mezani usikirudie. Pasipoti, simu na pesa visikae mkoba mmoja. Anayeomba pesa kabla hamjaonana, mfute. Dharura Uturuki na nchi za Umoja wa Ulaya ni 112. Thailand polisi wa watalii ni 1155.

Na nanyi msiwe walaghai. Kama unatafuta rafiki, andika rafiki. Kuna kijana wa watu anayejinyima mshahara wake akulipie chakula akidhani anachumbia, na wewe unahesabu umeokoa bajeti. Nimewasikia mkicheka juu ya hilo. Si jambo la kucheka.

Wazazi wenzangu mnaosoma kwa kuchungulia, hili lenu. Binti akikwambia anakwenda Istanbul peke yake, nuna ukitaka, lakini chukua jina la hoteli na namba ya ndege. Akipiga simu saa nane za usiku, pokea, muulize yuko wapi na amebakiwa na nini. Habari ya alifuata nini ataieleza akisharudi, na ameshakula.

Shangazi yenu